Simu Imfuate Mtu: Kisa cha Ofisi Iliyotaka Mtambo Ujue Kila Mmoja Alipo

Jina la kampuni, jengo na baadhi ya vyeo vimeondolewa au kubadilishwa. Aliyeifanya kazi hii ni mimi, fundi wa nje kwa mkataba, na makosa mengi humu ni yangu.

Mazingira

Kampuni ni wakala wa forodha, Dar es Salaam. Inatoa mizigo ya watu bandarini: inaandaa nyaraka, inafuatilia ushuru na ukaguzi, mpaka kontena lipite getini. Ina wafanyakazi 34. Makao makuu ni ghorofa mbili za jengo moja mjini, na kuna ofisi ndogo ya vyumba viwili karibu na bandari, iliyounganishwa na makao makuu kwa mkonga.

Mtambo wa simu ulikuwa Asterisk, programu inayoendesha simu za ofisi, pamoja na FreePBX, kurasa za kuipangia kazi, umefungwa kwenye kompyuta ya kawaida tu ndani ya chumba cha seva. Simu za mezani zilikuwa 22. Kulikuwa pia na kisanduku chenye laini nne za simu ya mkononi kwa ajili ya kupiga nje. Mteja akipiga namba ya kampuni, inaita mapokezi. Mapokezi alikaa mama mmoja, mwaka wake wa kumi na moja kwenye kiti kile. Ofisi nzima, kuanzia bosi hadi mlinzi, ilimwita Mama Swichi, nami nitamwita hivyo hivyo.

Mama Swichi alikuwa na daftari. Kila anayetoka anapita mbele yake, naye anaandika: "bandarini mpaka saa nane", "benki", "hospitali na mtoto". Pembeni ya baadhi ya majina aliweka kiduara kidogo cha kalamu. Siku ya kwanza nilikiona, sikukiulizia. Nilichukulia ni mazoea ya mkono.

Tatizo lilivyoletwa kwangu

Kazi ya uwakala haimweki mtu mezani. Afisa nyaraka asubuhi yuko kwa mhasibu, saa tano yuko bandari kavu, mchana amerudi lakini amekaa kwenye meza ya mwenzake kwa sababu printa iko huko. Siku moja bandari kavu walipiga wakihitaji karatasi moja tu. Mama Swichi akaita meza ya afisa nyaraka, haikupokelewa. Mwenyewe alikuwa ghorofa ya juu, chini ya dakika moja kwa ngazi. Ujumbe ulimfikia kesho yake jioni, kontena likalala siku mbili zaidi, na gharama za kuhifadhi kontena huhesabiwa kwa siku. Mteja aligoma kulipa, kampuni ikabeba.

Bosi akaniita. "Fundi, nimechoka watu kuifuata simu. Nataka simu imfuate mtu."

Tulichoamua, na kwa nini

Njia rahisi ilikuwa kudaivati kila namba ya ndani kwenda simu ya mkononi ya mwenyewe. Bosi aliikataa, na sababu yake si ya kipuuzi: wateja wakishazoea namba binafsi ya afisa, afisa akihama anahama nao. Njia ya pili ilikuwa kuweka programu ya simu za ofisi kwenye simu za wafanyakazi. Hiyo ilikataliwa na wafanyakazi. Nje ya ofisi ingekula bando zao na chaji yao, na hakuna aliyezungumzia kuwafidia.

Ikabaki ya tatu, ambayo nakiri ndiyo iliyonivutia tangu mwanzo kwa sababu ilikuwa na utamu wa kiufundi: mtambo ujue mtu alipo, uite simu ya mezani iliyo karibu naye.

Wazo lenyewe si jipya. Huko Cambridge, Uingereza, kwenye maabara ya Olivetti, Roy Want, Andy Hopper na wenzao walitengeneza beji ya kuvaa kifuani iliyotoa msimbo wake kwa mwanga wa infraredi kila baada ya sekunde 15 hivi. Vihisi vya ukutani viliupokea, na kompyuta ikajua nani yuko chumba gani. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1992, na kazi waliyoifikiria tangu mwanzo ilikuwa hii hii ya kuelekeza simu za ofisini. Niliyasoma maelezo hayo baada ya kuharibu, si kabla. Ningeyasoma mapema ningeona mambo mawili. La kwanza, mwanga wa infraredi hauvuki ukuta, kwa hiyo beji ikionekana chumbani, imo chumbani kweli. La pili, walianza kwa kumpa mpokezi orodha kwenye skrini, yeye ndiye aelekeze simu.

Mimi nilitumia waifai, inayovuka ukuta na dari, na nikamruka mpokezi.

Mpango ulikuwa hivi. Ofisi ilikuwa na visahani tisa vya darini vinavyorusha waifai, ambavyo mafundi tunaviita AP. Kila AP niliioanisha na simu ya mezani iliyo karibu nayo. Programu ndogo niliyoiandika ilikuwa inakiuliza kidhibiti cha waifai, kila dakika moja, simu ya nani imeshika AP ipi, kisha inaandika jibu kwenye hifadhidata ya ndani ya Asterisk. Simu ya mteja ikiingia kwa namba ya mtu, mtambo unasoma alipo na kuita hapo kwa sekunde 20. Isipopokelewa, unaita meza yake sekunde 20. Ikishindikana, simu yake ya mkononi sekunde 25, kupitia kile kisanduku cha laini. Mwisho kabisa, mapokezi.

Waliopitisha mpango ni bosi, meneja wa operesheni na mimi. Wafanyakazi walitumiwa barua pepe ya mistari minne. Mama Swichi hakuulizwa kitu, alionyeshwa tu simu yake mpya. Tulipokuwa tunafunga kikao bosi alisimama mlangoni akasema, "Weka wote, isipokuwa mimi." Tukacheka. Nikaandika kwenye daftari langu: namba 200, isiingizwe.

Wiki tatu za kwanza

Ripoti ya wiki ya kwanza ilipendeza mno. Karibu kila simu ilionekana imejibiwa. Bosi aliichapisha akaibandika ukutani.

Ilikuwa uongo, na chanzo chake kilikuwa kile kisanduku. Baadhi ya visanduku vya aina ile, vikishapiga tu laini ya mkononi, vinauarifu mtambo kwamba simu imepokelewa, kabla mtu hajagusa chochote. Afisa akiwa amezima simu, mtambo unahesabu "imejibiwa" na kuacha kutafuta, huku mteja anasikilizishwa kwamba namba anayopiga haipatikani kwa sasa. Tulikuwa tunajipongeza kwa simu zilizoishia kwenye sauti ya mtandao.

Kisa cha pili kilinichukua siku nne. Watu walipotea. Mtu yuko ghorofa ya juu anaonekana kabisa, mtambo unasema hayupo jengoni. Kila ghorofa ilikuwa na jina lake la waifai, masalia ya fundi aliyenitangulia, na mimi nilisajili simu za watu zikiwa zimeshika waifai ya chini. Simu za Android kuanzia toleo la 10, na iPhone kuanzia iOS 14, hazitoi tena kila mahali anwani moja ya kifaa, ile namba ambayo waifai inaitambulia simu. Kwa kawaida zinatunga anwani ya bandia kwa kila jina la waifai. Basi simu iliyosajiliwa chini, ikipanda juu, ni mgeni.

Nikaunganisha ghorofa zote chini ya jina moja. Anwani zikatulia, na hapo likazuka la tatu. Anayeamua simu ihame AP lini ni simu yenyewe, AP inaweza kuishawishi tu. Simu nyingi ni king'ang'anizi. Mtu anaingia asubuhi, simu yake inashika AP ya mapokezi, anapanda ngazi, na simu inaendelea kung'ang'ania ile ya chini maadamu mawimbi bado yanaifikia kupitia uwazi wa ngazi. Kwa hiyo kuanzia saa mbili mpaka saa nne asubuhi nusu ya ofisi, kwa mujibu wa mtambo, ilikuwa imejaa mapokezi. Simu ya mezani ya wageni ikawa inaita mfululizo. Mama Swichi aliinua mkono wa simu akaulaza mezani, akaendelea na kazi.

Kuna na yale ambayo hayahitaji fundi kuyaona. Watu waliacha simu zao kwenye chaji wakaenda kula. Ijumaa mchana walioenda msikitini waliziacha droo. Mtambo ukawa unaita meza tupu kwa uhakika kabisa.

Halafu zile sekunde. Ishirini, ishirini, ishirini na tano: mteja anasubiri sekunde 65 kabla hajasikia sauti ya mtu. Nilipanga ngazi zile nikiwa nimekaa kwenye kiti kinachozunguka. Sikujaribu hata mara moja kushika simu sikioni kwa sekunde 65.

Kikao cha Jumatano

Yote hayo yangeweza kurekebishwa. Hili ndilo lililousimamisha mtambo.

Jumatano ya wiki ya tatu meneja alikuwa na mteja mkubwa, muagizaji wa vipuri, kwenye chumba cha mikutano. Afisa nyaraka aliitwa aingie na faili. Akaingia, na simu yake mfukoni ikashika AP ya mle ndani, safari hii barabara. Katikati ya maongezi simu ya mikutano iliyo juu ya meza ikaita. Zile simu hazina mkono wa kuinua. Ukibonyeza kitufe, sauti inajaa chumba kizima. Meneja akabonyeza.

Sauti ya kijana, haina hata salamu, ikamtaja afisa kwa majina mawili. "Mwambieni mkopo wake umepitiliza siku tisa. Mdhamini wake tumeshampigia, mke wake tumeshampigia, sasa tunapiga kazini."

Ilikuwa mikopo ile watu wanayoiita kausha damu. Meneja alihangaika kutafuta kitufe cha kukata, akakosea akabonyeza cha kuongeza sauti. Afisa alikuwa anatazama faili, ukurasa ambao hauna maandishi. Mteja akanyanyua kikombe ambacho chai ilishaisha.

Jioni afisa alinikuta chumba cha seva. Hakupandisha sauti. "Fundi, wewe leo umenivua nguo."

Nilianza kumweleza habari za AP. Akaniacha nikiendelea kueleza.

Kesho yake asubuhi simu chini ya kumi ndizo zilizokuwa zimeshika waifai ya ofisi. Hakuna aliyegoma wala kuandika barua. Kila mtu alizima tu.

Kusimamisha

Nilimwomba meneja tuuzime mtambo siku hiyo hiyo, naye alikubali. Kilichonisukuma hakikuwa kikao peke yake. Siku mbili kabla yake afisa utumishi alikuja kuniomba, kwa upole tu, "karipoti ka wanaochelewa na wanaokaa sana kantini". Nikagundua kwamba karipoti hako kanawezekana. Programu yangu ilikuwa inatunza kila ilichokiona tangu siku ya kwanza, kwa sababu sikuwahi kuandika mstari wa kufuta. Ukichora safari ya mtu mmoja kwa wiki tatu, unaona anaenda chooni mara ngapi.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo linalojulikana, na zisigeuzwe kwa lengo jingine. Lengo letu lilikuwa simu. Nilimjibu afisa utumishi hivyo, nikafuta kila kitu mbele ya meneja. Sikuwa shujaa wa sheria. Niliogopa, na sheria ikanipa maneno ya kusema.

Ndipo nikafanya nilichotakiwa kufanya mwezi mmoja nyuma. Nikavuta kiti nikakaa mapokezi asubuhi nzima, nikimtazama Mama Swichi akifanya kazi.

Saa nne na robo alipiga mtu akimtaka mhasibu msaidizi. Mhasibu msaidizi alikuwa amesimama hatua tatu kutoka hapo, anakunywa maji. Mama Swichi hakumtazama hata. "Ametoka kidogo, kaka yangu. Nimwambie nani kapiga?" Akaandika. Dakika chache baadaye alipiga mwingine akimtaka yule yule, akapewa papo hapo.

Nikauliza yule mpigaji wa kwanza alikuwa na nini. Akafungua daftari, akaweka kidole kwenye kiduara.

"Hiki maana yake yupo, lakini hayupo. Huyu anadaiwa. Huyu ana kesi na mume wake, mume anapiga hapa. Huyu bosi kamwambia amalize hesabu leo, asisumbuliwe." Akalifunga. "Mwanangu, kumjua mtu alipo si kazi. Wote wanapita hapa mbele yangu."

Kujenga upya

Mtambo wa pili haukubahatisha chumba. Waifai iliachiwa swali moja tu linaloweza kujibiwa kwa uhakika: mtu yuko ofisi ya mjini au ya bandarini? Jibu linatokea kwenye skrini ya mapokezi, na jibu jipya linafuta la zamani, hakuna historia. Ndani ya jengo, mtu anajitangaza mwenyewe. Ukifika kwenye simu yoyote ya mezani unabonyeza nyota, 77, kisha namba yako ya ndani, na simu zako zinakuja hapo kwa saa mbili au mpaka ubonyeze kwingine. Usipobonyeza, hakuna anayekutafuta. Simu ya chumba cha mikutano iliondolewa kabisa, haiwezi kuitwa na mtambo kwa niaba ya mtu yeyote.

Ngazi za sekunde zikafa. Simu ya mezani yake na ile aliyojitangazia zinaita kwa pamoja, sekunde 20, kisha mapokezi. Simu ya mkononi haiitwi mpaka Mama Swichi aamue, na anayepokea anasikia sauti ikimwomba abonyeze 1 ndipo aunganishwe. Mashine ya mtandao haiwezi kubonyeza 1, kwa hiyo uongo wa kile kisanduku ukaisha.

Nikaongeza na kitu kilichonichukua dakika kumi. Kwenye kioo cha simu ya mezani, kabla ya namba ya anayepiga, panatokea neno KWA na jina la anayetafutwa. Mtu akiona simu ya mezani kwake inamtaka mwenzake, anajua asiipokee kwa "nani mwenzangu", na kama ni mstaarabu anamwita mwenyewe.

Safari hii wafanyakazi wote waliitwa. Kikao kilichukua saa nzima, na nusu yake ilienda kwenye swali moja waliloliuliza kwa namna saba: nani mwingine anaiona hiyo skrini? Jibu ni Mama Swichi peke yake.

Matokeo

Sikupima chochote kabla ya kuanza, kwa hiyo sina hesabu ya kulinganisha. Ile ripoti ya ukutani haifai hata kufungia karanga. Ninachoweza kusema ni kwamba hadi mkataba wangu unaisha, miezi minane baadaye, halikutokea tena kontena kulala kwa sababu ya simu iliyomkosa mtu aliyekuwemo jengoni.

Nyota 77 ilitumiwa sana na maofisa wanaoshughulika na mizigo, watu wanaotaka kupatikana kwa sababu simu isiyopokelewa ni matatizo kwao. Wahasibu hawakuigusa. Mwanzoni meneja aliona huo ni upungufu, akataka tuwalazimishe. Nilimwonyesha kwamba simu za wahasibu karibu zote zinapitia mapokezi na zinafika. Afisa nyaraka aliomba kuhamishiwa ofisi ya bandarini, akakubaliwa.

Uchambuzi

Mtambo wa kwanza ulisimama juu ya dhana nne zilizopangana: kwamba simu ya mkononi ni mtu, kwamba AP ni chumba, kwamba aliye chumbani anaweza kupokea, na kwamba anayeweza kupokea anataka kupokea. Mbili za kwanza ni za kiufundi, na ndizo nilizozihangaikia wiki tatu. Zinarekebishika kiasi, ukiwa na fedha: beji zenye redio ndogo, vihisi vingi zaidi, au infraredi kama ya Cambridge. Ila angalia Jumatano ile. Mtambo ulimpata mtu sahihi, chumba sahihi, kwa usahihi ambao haukuwahi kuufikia kabla. Kilichotuumbua siku ile ni usahihi wenyewe. Kama ningefaulu mapema kurekebisha king'ang'anizi wa AP, aibu ile ingetokea wiki ya kwanza.

Dhana ya nne ndiyo iliyokuwa kazi ya Mama Swichi, na haikuandikwa kwenye maelezo ya kazi yake popote. Kampuni iliamini inamlipa kutafuta watu. Alikuwa anawafunika pia, na bila hivyo ofisi ya watu 34 wenye madeni, ndoa na hesabu za mwisho wa mwezi haikaliki. Mtambo haukuwa na namna ya kusema "ametoka kidogo".

Bosi alilijua hili kuliko sisi wote. "Isipokuwa mimi" ilikuwa taarifa ya kiufundi ya kwanza kabisa niliyopewa kwenye kazi ile, nami niliicheka. Siku hizi mteja akiniagiza kitu cha kufuatilia watu, namuuliza kwanza kama namba yake imo.

Kilichofaulu kilikuwa rahisi kuliko vyote. Neno KWA kwenye kioo lilipunguza simu za kupokewa ovyo kuliko programu yangu yote ya wiki tatu. Kubonyeza 1 hakukuhitaji kununua kitu, kipo tayari ndani ya FreePBX, ni kukiwasha tu. Na skrini ya mapokezi ni wazo la watu wa Cambridge, la zaidi ya miaka thelathini.

Siku ya kukabidhi kazi, Mama Swichi aliitazama skrini, majina yote na mahali walipo, mjini au bandarini. Akaridhika. Kisha akanigusa bega.

"Fundi, na kiduara changu umekiweka wapi?"

Nikarudi nikaandika. Kwenye kila jina kukawa na alama ndogo ya kubonyeza. Akiibonyeza, simu za mtu huyo hazimwendei mwenyewe, zinakuja kwake, na hakuna mwingine anayeiona. Nilimuuliza alama hiyo tuiiteje kwenye maelezo ya mtambo. Akasema niiache hivyo hivyo, isiandikwe jina.